Mtandao wa Wote Ndani ya Tundu la Kuku

Benchi letu limeegemea ukuta wa chumba changu cha kunyolea, chini ya dirisha, na limekaliwa na makalio yaleyale kwa muda mrefu mpaka kila mtu ana bonde lake kwenye mbao. Bonde la kwanza ni la Spika, fundi viatu. Hakuna aliyemchagua. Alianza tu kugonga nyundo yake kwenye mguu wa benchi akitaka kimya, nasi tukanyamaza kwa mshtuko, basi akajiona ana madaraka. La pili ni la Profesa, mwenye mashine ya fotokopi hapo jirani, anayeamini kwamba kila karatasi aliyowahi kuitoa kopi ameisomea. La tatu ni la Askari, mlinzi wa duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara, ambalo hulilinda kwa kulitazama kutoka kwetu. La nne ni langu mimi Kinyozi, nikiwa sina mteja, yaani karibu kutwa nzima. Pembeni, si kwenye benchi bali kwenye kigoda chake, hukaa Shangazi na jiko na birika la kahawa. Hana udugu na yeyote kati yetu, ila sote tunamwita shangazi, na siku zote tulimjua kama mtu wa maneno mawili: "Na sukari?"

Sasa, ukiinua macho juu ya vichwa vyetu utaona tundu la kuku limetundikwa ukutani. Kuku hamna. Ndani yake mna kile kidude cha intaneti chenye taa za kijani, na mlangoni pana kufuli. Chini ya tundu, kwa rangi nyekundu, tumeandika: MTANDAO WA WOTE. KARIBU. Rangi tuliinunua kabla ya kufuli, ndiyo maana.

Naomba usicheke kwanza, nikueleze. Tulianza vizuri. Profesa alisimama siku moja akatoa hotuba: kwamba intaneti isiwe ya wenye nacho peke yao, iwe wazi, iwe salama, imfikie kila mtu, mzee na mwanafunzi, anayeona na asiyeona. Jamani, alisema mpaka Spika akasahau kugonga nyundo. Tukachanga, na Shangazi naye akachanga, kidude kikaletwa, na siku ya kwanza kila mpita njia aliingia bila kubisha hodi. Siku ya pili, kijana mmoja alisimama ng'ambo akawa anaitazama simu yake na kucheka. Askari akakunja uso. Akauliza:

— Yule anamcheka nani? Na anacheka kwa mtandao wa nani?

Basi ikawa ndiyo mwisho wa uwazi wetu. Tukasema liwekwe neno la siri. Nani alitunze? Hapo ndipo nilipojua kuwa wenzangu hawaniamini, nami nikafarijika maana siwaamini pia. Tukakata kauli: neno la siri liwe la vipande vinne, kila mmoja atunze chake kichwani, asimwambie mtu hata mkewe. Akitokea anayetaka kuingia, tunajipanga foleni. Mmoja anaandika kipande chake, watatu wanatazama ukuta. Anayetoa amri ni Askari, kwa sauti ya gwaride: "Geukeni ukutani!" Na kila wiki tunabadilisha vipande vyote, ili adui asituzoee. Shangazi hakupewa kipande. Spika alisema wanawake siri haziwakai, tukaitikia kwa vichwa, na Shangazi akatumiminia kahawa.

Jana tulibadilisha. Mimi wakati huo nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi, nusu kimenyolewa nusu bado, nikakimbia nje na povu vidoleni, nikaandika neno langu, nikarudi ndani. Lilikuwa neno zuri sana. Nakumbuka nililifurahia. Nilichokuwa sikumbuki ni lenyewe.

Leo mchana tukiwa tumekaa, Shangazi akaliweka birika chini kabla vikombe havijajaa. Hajawahi kufanya hivyo, kwa hiyo sote tukamtazama.

— Wanangu, nina shida na huo mtandao wenu.

— Wetu sote, Shangazi, — Spika akamsahihisha.

— Haya, huo wetu sote. Niingizeni.

— Kwa madhumuni gani? — Askari akauliza. Tulikubaliana kikaoni kwamba swali hilo aulizwe kila mtu.

Shangazi akafuta mikono kwenye kanga. Kisha akasema maneno mengi kuliko tuliyowahi kumsikia nayo.

— Binti yangu kajifungua. Yule anayeshona kiwandani, mbali. Wamempasua. Na mnajua mwanangu hasikii, hasemi.

Hatukujua. Nilimtazama Profesa, Profesa akamtazama Spika, na Spika akaitazama nyundo yake.

— Simu ya kawaida haitufai kitu mimi na yeye, — Shangazi akaendelea. — Sisi tunaongea kwa mikono, lazima tuonane. Ameniandikia: "Mama, mimi mzima, mtoto mzima." Lakini huyu namjua, hata angekuwa anakata roho angeandika mzima, asinitie wasiwasi. Nataka kuiona mikono yake. Nikiiona tu nitajua. Asubuhi nilinunua kifurushi cha intaneti, nikaona kidevu chake kimegandia kwenye kioo, kifurushi kikaisha. Na wodini kule simu wanaruhusu wakati wa wageni tu. Ndio wakati wenyewe huu.

— Ondoa shaka, Shangazi! — Spika akagonga benchi. — Umefika penyewe. Mtandao huu tuliuweka kwa ajili ya watu kama wewe. Askari!

— Geukeni ukutani!

Tukageuka. Askari akaandika chake akihema, maana hata herufi huziandika kwa ulinzi. Akaja Profesa, akaandika polepole, akatabasamu. Akaja Spika. Nikaja mimi. Nilishika ile simu, kioo chake kina ufa. Nikasema moyoni, mtu kama mimi angechagua neno gani? Nikaandika "wembe" kwa kujiamini kabisa, nikamrudishia.

Simu ikasema neno la siri si sahihi.

— Si sahihi? — Spika akatoa macho. — Haiwezekani. Nani kakosea?

— Si mimi, — nikasema, na nilikuwa wa kwanza kusema, kumbuka hilo.

— Si mimi.

— Mimi ndiyo siye kabisa!

— Basi tuseme hakuna aliyekosea, — Profesa akasema, akavuta hewani kiti kisichokuwepo, kama kawaida yake anapotaka kufundisha. — Kitaalamu, tatizo ni hilo tundu. Niliwahi kutoa kopi ya kitabu kizima cha mambo ya mawimbi. Neno linasafiri hewani, si ndiyo? Likifika kwenye waya wa tundu lazima lipite kwenye vitobo. Neno fupi linapenya. Neno refu linakwaruzwa, linafika ndani halina mwisho.

— Lako refu? — nikamuuliza.

— Siwezi kujibu swali hilo kwa sababu za kiusalama.

— Mimi sikubaliani, — akasema Askari. — Tundu nililiweka mimi na halina kosa. Hapa tumeingiliwa. Mnamwona yule njiwa?

Tukainua vichwa. Kweli palikuwa na njiwa juu ya waya wa umeme.

— Yuko pale tangu jana tulipokuwa tunabadilisha. Sisi tunageukia ukutani, sawa, lakini juu nani analinda? Mtu anafunga kamera kwenye shingo ya njiwa, kazi kwisha.

— Njiwa ana shingo ya kufungia kamera wapi?

— Ndiyo maana wanachagua njiwa, Kinyozi! Humshuku!

— Wanangu, — Shangazi akasema. — Kengele ya wageni kutoka ikipigwa wanazima simu.

— Subiri, Shangazi, hapa tunakushughulikia wewe, — Spika akamwambia. — Tena mimi nawaonya, msimsingizie ndege wa watu. Njiwa hajui kusoma. Kwa maoni yangu, maneno yetu yamegombana. Fikirini. Yamewekwa yote manne pamoja, yamebanana humo ndani usiku kucha, hayajuani, hayajatambulishana. Mimi na Askari tulikaa benchi hili mwezi mzima bila kusalimiana, mmesahau? Na maneno ni hivyohivyo, yanataka mtu wa kuyapatanisha.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo tubadilishe mpangilio. Neno langu liwe la mwanzo.

— Aaa! — Askari akaruka. — Nilijua tu utafika hapo!

Wakaanza kugombania nani awe wa mwanzo. Nami, badala ya kusema ukweli, niliona raha moyoni. Haki ya Mungu niliona raha. Kadiri walivyopiga kelele ndivyo kosa langu lilivyozidi kupotea kwenye kelele. Nikaona kelele zinataka kupungua, nikazichochea mimi mwenyewe.

— Jamani, — nikasema, — tumesahau kioo.

— Kioo gani?

— Kioo changu cha kunyolea. Kiko upande wa pili wa ukuta huuhuu. Sasa, kioo kinafanya nini? Kinageuza. Mkono wa kulia unakuwa wa kushoto. Kama mawimbi yanapita ukutani, yanapita kwenye kioo. Kidude kimepokea maneno yetu kinyumenyume!

Nilidhani nimezidisha, watanicheka. Kumbe! Profesa alisimama akanipa mkono.

— Miaka yote hii, — akasema, — nilikuwa nakudharau.

— Geukeni ukutani! — Askari akaguruma.

Tukaandika upya, kila mtu neno lake kutoka nyuma kwenda mbele. Ilichukua muda, kwa sababu Spika alilazimika kuliandika kwanza kwa kidole kwenye mchanga, tukamfutia kwa viatu bila kutazama, tukamfutia kabla hajamaliza, akaanza tena. Mimi niliandika "ebmew". Najua. Nilisimama pale, mtu mzima mwenye watoto, nikaandika "ebmew" kwenye simu ya mama mzazi anayetaka kumwona mwanawe.

Simu ikasema tumejaribu mara nyingi mno, tusubiri.

Shangazi alikaa kwenye kigoda, akaishika simu kwa mikono miwili magotini, akawa anaitazama. Kahawa ilikuwa inachemka peke yake na hakuna aliyeomba.

Hapo ndipo alipokuja yule mpangaji mpya wa ghorofani, juu ya duka la dawa. Tulikuwa tumemwona akihamia na magodoro yake tu, hatujawahi kusemezana. Alikuwa ametoka dukani, kashika sabuni ya kufulia kwenye mfuko.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti.

— Samahani, nimekiona kibao chenu tangu nihamie, nilikuwa naona aibu. Mtandao wa wote, karibu. — Akasoma kwa kidole. — Sasa, naingiaje?

Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Mtoto angeuliza vilevile. Spika akainua nyundo, akaishusha bila kugonga. Profesa akafungua mdomo, akakumbuka kitu, akaufunga. Askari, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza kwa madhumuni gani, hakuuliza.

— Mjibuni mwenzangu, — Shangazi akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. — Mjibuni basi! Anaingiaje? Mimi nimewapikia kahawa nikiwasikiliza mkiokoa dunia. Wote, wote, kila mtu, kila mtu! Nimechanga na mimi. Mwanangu amelala huko amepasuliwa, ananinyooshea mikono na mimi siioni, nyie mnanihadithia habari za njiwa!

Akaanza kulia. Hakuwa na kelele, machozi tu, akiyafuta na ile kanga yenye harufu ya kahawa. Nilijisikia vibaya sana. Nilitamani benchi lifunguke linimeze, bonde langu na vyote.

— Mimi nimesahau neno langu, — nikasema. — Tangu jana.

Nilingoja wanirukie. Hakuna aliyeruka.

— Hata mimi, — akasema Profesa, taratibu, akitazama vidole vya miguu.

— Wewe si ulitabasamu?

— Nilikuwa nimekumbuka nusu.

Tukamgeukia Spika.

— Mimi naongoza vikao, — akasema kwa hasira, — huwezi kuongoza vikao na bado ukumbuke mambo!

Akabaki Askari, amesimama wima, mikono nyuma.

— Mimi langu nalikumbuka, — akasema. — Lakini ni la wiki iliyopita.

Yule binti alikuwa anatutazama mmoja mmoja. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi kuliko kicheko.

— Si kina kitundu nyuma cha kubonyeza? — akauliza. — Ukibonyeza kinaanza upya, hakina neno lolote.

— Kilikuwepo, — Askari akajibu. — Nilikiziba kwa gundi. Adui angekibonyeza.

— Adui gani?

Binti hakungoja jibu. Aliuweka mfuko wa sabuni chini, akachutama mbele ya Shangazi, akatoa simu yake mwenyewe, akabonyeza kitu.

— Mama, lete simu yako. Tutagawana mtandao wangu. Haya, upo ndani tayari.

— Hujamuuliza hata jina! — Spika akanong'ona.

— Wala madhumuni, — Askari akanong'ona naye, lakini hakuwa na nguvu ya kuendelea.

Shangazi akapiga ile simu ya video. Ikalia, ikalia. Kisha akasimama ghafla, akatufukuza kwa kanga kama anavyofukuza nzi.

— Tokeni kwenye benchi! Nahitaji mikono yote miwili.

Tukatoka sote wanne. Akaiegemeza simu kwenye kopo la sukari katikati ya benchi, juu ya bonde la Spika, akapiga magoti mbele yake. Kwenye kioo chenye ufa akatokea msichana amelazwa kwenye mto mweupe, uso umechoka, nywele timtim. Akainua mikono.

Nilikuwa nimezoea kumwona Shangazi akitumia mikono kumimina tu. Sasa niliiona ikiruka. Vidole vilikwenda mbio, viganja vikagongana, akajishika shavu, akajipiga kifua, akauliza, akakaripia, akauliza tena kabla hajajibiwa. Na msichana naye anajibu, mikono yake imara, haitetemeki, nikaona mabega ya Shangazi yanashuka taratibu. Mtu wa maneno mawili! Kumbe alikuwa na maneno kutuzidi sisi wanne tukijumlishwa, na tumekaa naye kila siku hapo, hatukuwahi kujifunza hata lile la kusema "asante kwa kahawa."

Mkono wa muuguzi ukaingia kwenye kioo ukiwa na kifurushi cha nguo. Ndani yake mna uso wa mtoto uliokunjamana, mdomo wazi, analia bila sauti kwa sababu Shangazi alikuwa hata hajaongeza sauti, ya kazi gani. Shangazi akaweka vidole kwenye kioo. Spika alipiga chafya ambayo haikuwa chafya. Profesa akasema moshi wa jiko leo umezidi.

Kisha yule msichana akatuona. Tulikuwa tumejazana nyuma ya mama yake, vichwa vinne, shingo zimenyooshwa. Akatunyooshea kidole, akauliza kitu. Shangazi akageuka akatutazama, akamrudia mwanawe, akaeleza. Alieleza kwa kirefu. Nilimwona akichora tundu hewani. Nilimwona akifunga kufuli. Nilimwona, hili sina shaka nalo, akifanya njiwa. Msichana akaanza kucheka, akashika tumbo kwa maumivu ya mshono, akacheka hivyohivyo, halafu akatutazama na kusema jambo kwa mikono, fupi, miondoko mitatu tu ya vidole. Shangazi akacheka mpaka akakaa chini.

— Anasema nini? — nikauliza.

Shangazi akafuta machozi, safari hii ya kucheka.

— Shangazi, anasema nini juu yetu?

— Tuambie basi!

— Tuna haki ya kujua, — Profesa akasema. — Habari lazima ziwe wazi kwa wote.

Shangazi akatutazama. Akamtazama yule binti wa ghorofani, ambaye alikuwa ameshaketi kwenye kigoda cha kahawa, anajaribu kurudia zile alama kwa vidole vyake ili azijue. Akajipangusa, akajinyoosha, akavuta pumzi, na kwa sauti ya gwaride ambayo hatukujua kama anayo akasema:

— Geukeni ukutani!

Tukageuka. Wote wanne, Askari akiwa wa kwanza. Mbele ya pua yangu palikuwa na neno KARIBU, na kwa karibu hivyo niliona rangi yake imeanza kubanduka. Nyuma yetu wanawake walikuwa wanacheka kwa maneno tusiyoyajua, kahawa ilikuwa inachemka na kulimwagikia jiko, na hakuna aliyethubutu kugeuka.